Binadamu hakutokana na nyani: Ushahidi wa mawe ya Kajiado

Kuna sentensi moja ambayo ukiitamka ndani ya matatu inayotoka Kitengela kwenda Nairobi, hamtafika Athi River kabla abiria hawajagawanyika pande mbili. Sentensi yenyewe ni hii: "Binadamu alitokana na nyani." Upande mmoja utashikilia kwamba ndivyo sayansi inavyofundisha, na anayebisha hakusoma. Upande wa pili utauliza, tena kwa haki kabisa: Kama ni hivyo, mbona nyani wa leo hawageuki watu? Mbona wamebaki kuparamia miti na kuiba mahindi? Mabishano hayo nimeyasikia kwenye matatu, kwenye matanga, na kwenye chumba cha walimu. Huisha vilevile kila mara. Kila mtu hushuka kwenye kituo chake akiwa na imani aliyopanda nayo.

Makala haya hayakusudii kuamua kesi baina ya dini na sayansi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na shabaha yangu ni ndogo kuliko hiyo. Nadai kwamba pande zote mbili hubishania sentensi ambayo hakuna mwanasayansi anayeijua kazi yake angekubali kuitia sahihi. Ni sentensi yenye kasoro ya lugha kabla hatujafika kwenye kasoro ya sayansi. Ina maneno matatu yenye uzito, na yote matatu yanatupotosha: 'binadamu', 'nyani', na kitenzi kinachojificha nyuma ya 'alitokana', yaani 'kugeuka'. Jambo la ajabu ni kwamba ushahidi wa kuisahihisha umelala juu ya ardhi katika kaunti hiihii ya Kajiado, pale Olorgesailie, kando ya barabara ya kwenda Magadi.

Tuanze na neno la kwanza. 'Binadamu' ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni mwana wa Adamu. 'Mwanadamu' ni tafsiri yake ya nusu: 'mwana' ni letu, 'Adamu' ni yuleyule. Kwa hiyo anayesema "binadamu alitokana na nyani" amesema, bila kukusudia, kwamba mwana wa Adamu ni mwana wa nyani. Kiima kinasimulia asili moja, kiarifu kinasimulia nyingine, na sentensi inapigana yenyewe kwa yenyewe. Si ajabu msikilizaji mcha Mungu akihisi kwamba ametukanwa. Lugha yetu ina neno kongwe zaidi, 'mtu', ambalo halina kisa chochote cha asili ndani yake. Na wataalamu wa historia, hasa nchini Tanzania, wametupatia 'zamadamu', neno la kuwataja viumbe wa jamii yetu walioishi zama za mbali sana. Mimi nalipenda neno hili. Linamwezesha mwandishi kuzungumzia kiumbe wa miaka milioni iliyopita bila kulazimika kumwita mtu kamili wala kumwita mnyama.

Neno la pili ndilo lenye balaa. Kiswahili si maskini wa majina ya wanyama hawa. Tuna tumbili, ngedere, kima, mbega, nyani na sokwe, na kila jina lina mwenyewe. Nyani ni yule mwenye pua ndefu kama ya mbwa, anayetembea kwa makundi mbugani, yule ambaye methali inasema haoni kundule, na ambaye akizeeka huwa amekwepa mishale mingi. Sokwe ni mwingine kabisa. Hana mkia, mikono yake ni mirefu, na makao yake ni misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi hadi Uganda na magharibi mwa Tanzania. Wazungumzaji wa zamani hawakuwachanganya hawa. Sisi tuliosoma ndio tuliowachanganya, tulipotafuta neno moja la haraka la kubeba dhana ya kigeni, tukalikwaa 'nyani' kwa kuwa ndilo tulilolizoea.

Kosa hilo si dogo. Wataalamu wanaolinganisha miili na chembe za urithi wanatueleza kwamba ukoo wetu na ukoo wa nyani uliachana zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Ukoo wetu na wa sokwe mtu uliachana juzijuzi tu kwa kulinganisha, pengine miaka milioni sita au saba iliyopita. Maana yake ni kwamba sokwe mtu ana udugu wa karibu zaidi na wewe unayesoma gazeti hili kuliko alio nao na nyani. Hata hivyo, sokwe naye si babu yetu. Ni binamu. Babu tuliyechangia naye si sokwe wa leo wala mtu wa leo. Ni kiumbe wa tatu aliyekwisha kutoweka, aliyeacha watoto walioshika njia mbalimbali. Basi lile swali la abiria, "mbona nyani hawageuki watu?", lina jibu jepesi: kwa sababu hiyo haikuwa njia yao wakati wowote. Ni sawa na kumuuliza binamu yako mbona hajawa wewe.

Sasa twende Olorgesailie. Kutoka Kitengela unaweza kushika barabara ya Namanga hadi Isinya, ukapinda kuelekea Kiserian, kisha ukaanza kuteremka Bonde la Ufa kwa barabara ya Magadi, ukapita Kona Baridi na Olepolos hadi karibu na kituo cha Oltepesi. Kila kilomita unayoteremka joto linazidi. Chini kabisa unaona ardhi nyeupe kama unga uliomwagika. Weupe huo si chumvi. Ni mabaki ya vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyoishi majini, vikafa na kuzama kwa maelfu ya miaka. Pale palipo na vumbi na migunga leo palikuwa na ziwa. Lilijaa, likakauka, likajaa tena, na kila lilipofanya hivyo liliacha tabaka. Majivu ya volkano yaliyoangukia humo ndiyo yanayowawezesha wanajiolojia kukadiria umri wa kila tabaka.

Mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory aliyaona mashoka ya mawe ya mahali hapa mwaka 1919. Miaka ya 1940, Mary Leakey na mumewe Louis walianza kupachimba. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vikiendelea, na miongoni mwa waliowasaidia walikuwa wafungwa wa vita wa Kiitaliano walioshikiliwa nchini. Mwaka 1947 pakafunguliwa kuwa makavazi ya wazi, ambamo zana hazikubebwa kupelekwa kabatini Nairobi bali ziliachwa palepale zilipopatikana. Baadaye, miaka ya 1960, Glynn Isaac alipachunguza tena kwa kina. Tangu 1985, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na Taasisi ya Smithsonian ya Marekani, chini ya uongozi wa Rick Potts, wamekuwa wakichimba na kupima udongo pale mwaka baada ya mwaka.

Mgeni hupita juu ya vijia vya mbao vilivyoinuliwa, na chini yake kuna mamia ya mashoka ya mkono yametapakaa kama viazi shambani. Shoka la mkono halina mpini. Ni jiwe lililochongwa pande mbili hadi likawa na umbo la tone la maji, ncha huku na kishikio cha kiganja kule. Nimewahi kuongozana na wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi pale. Mwelekezi wetu, mzee mpole wa maneno machache, alitueleza kwamba katika sehemu moja ya eneo hilo, pamoja na mashoka, ilichimbuliwa mifupa ya nyani wakubwa makumi kwa makumi. Mnyama huyo, ambaye wataalamu humwita Theropithecus oswaldi, alikuwa mkubwa kuliko nyani tunaowajua. Jamaa yake wa karibu aliyebaki duniani ni gelada wa milima ya Ethiopia. Msichana mmoja akanyoosha mkono akauliza: "Sasa mwalimu, nyani alikuwa babu au kitoweo?"

Wenzake walicheka, lakini mwelekezi hakucheka. Alimwambia, "Mwanangu, hilo ndilo swali wanaloulizana maprofesa." Na kweli ndivyo ilivyo. Wapo waliosoma namna mifupa ile ilivyovunjwa wakasema kwamba zamadamu waliwachinja nyani hao. Wapo wanaotahadharisha kwamba maji na wanyama wala nyama wangeweza kukusanya mifupa vilevile. Lakini tazama kwamba mabishano hayo yote yanakubaliana juu ya jambo moja, nalo ndilo linalotuhusu hapa. Zaidi ya nusu ya miaka milioni iliyopita, katika ardhi ya Kajiado, zamadamu na nyani walikuwa majirani. Walikunywa kwenye ziwa moja. Huenda mmoja alimla mwenzake. Jirani si babu, na kitoweo ndiyo kabisa.

Tufike kwenye neno la tatu. Nadharia hii tunaiita 'mageuko', kutokana na kitenzi 'kugeuka'. Tatizo ni kwamba kitenzi hicho kina historia yake katika masikio ya Mswahili. Katika hadithi tulizosimuliwa jikoni, zimwi hugeuka kijana mtanashati akaja kuposa. Fisi hugeuka mtu usiku, na alfajiri hugeuka fisi tena. Anayegeuka ni mmoja, hugeuka mzimamzima, na hugeuka papo hapo. Mtoto aliyelelewa na hadithi hizo akiambiwa darasani kwamba "kiumbe fulani aligeuka mtu", picha inayomjia ni ya nyani aliyelala nyani akaamka ana suruali. Anaikataa picha hiyo, na anafanya vyema kuikataa. Hakuna mwanasayansi anayeiamini.

Mtu anayeweza kutueleza jambo hili vizuri ni mfugaji wa Isinya, Ilbisil au Mashuuru. Babu zake walifuga zebu wadogo wenye nundu. Leo katika maboma mengi ya Kajiado utaona Sahiwal wekundu wenye asili ya bara Hindi, au machotara wao. Hakuna siku ambayo ng'ombe mmoja alilala zebu akaamka Sahiwal. Mfugaji alichagua fahali wa kupanda na wa kuuza, na ndama wakazaliwa tofauti kidogo na mama zao, na wajukuu wakatofautiana zaidi. Kisha ukaja ukame, kama ule wa 2009 au wa 2022, uliotapakaza mizoga kandokando ya barabara. Ukame nao ulichagua kwa namna yake. Waliostahimili ndio waliobaki kuzaa, na watoto wao wakarithi ustahimilivu huo. Ng'ombe hakugeuka. Kundi ndilo lililogeuka.

Hapo ndipo ilipo siri yote. Wachaguaji wa zamadamu walikuwa njaa, kiu, chui, jua na ugonjwa, na muda ulikuwa wa kutisha. Hata hivyo, wahusika ni walewale: wazazi, watoto wanaotofautiana nao kidogo, na mazingira yanayoamua nani aachie wajukuu. Katika kila kizazi, hakuna mama aliyezaa mtoto wa aina nyingine. Kila mtoto alifanana na mamaye. Ukisimama mwanzo wa mstari huo na kutazama mwisho wake, ndipo unaona tofauti.

Mifupa ya Afrika Mashariki inatuonyesha vituo kadhaa vya mstari huo. Pale Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, kundi la Mary Leakey lilichimbua mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano takriban miaka milioni 3.66 iliyopita. Miguu yao ilifanana na yetu, lakini ubongo wa viumbe wa wakati huo ulikuwa mdogo, unaokaribia wa sokwe. Kwa hiyo tulitembea kwanza, akili nyingi zikafuata baadaye. Mwaka 1984, Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho la ajabu la kuona mifupa mahali ambapo wengine waliona kokoto, aligundua magharibi mwa Ziwa Turkana mabaki ya kijana aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Alikuwa na miguu mirefu na kiwiliwili chembamba, umbo la mtu wa nchi ya joto anayetembea mbali. Ukimwona kwa mgongo, kwa mbali, ungedhani ni kijana wa leo. Fuvu lake ndilo lingekusimamisha: paji la chini, mfupa mnene juu ya macho, na ubongo wa kiasi cha thuluthi mbili ya wetu.

Kajiado nayo imetoa fuvu lake. Kwa miongo mingi, Olorgesailie ilikuwa na maelfu ya zana bila mwenye zana. Mwaka 2003 ndipo vilipopatikana vipande vya fuvu la zamadamu mzima lakini mdogo wa mwili, aliyeishi kati ya miaka 970,000 na 900,000 iliyopita. Udogo wake uliwashangaza wengi. Ulionyesha kwamba zamadamu wa wakati mmoja hawakulingana. Wapo waliokuwa wakubwa na wapo waliokuwa wadogo, kama ambavyo leo abiria wa kiti kimoja hawalingani magoti.

Na si kila zamadamu ni babu yetu. Mnamo Julai 17, 1959, Mary Leakey aliona pale Olduvai fuvu lenye magego makubwa mno. Mumewe alilipa jina Zinjanthropus, akichukua 'Zinj', jina ambalo Waarabu wa kale waliuita mwambao wetu, lilelile linalosikika ndani ya 'Zanzibar'. Baadaye wataalamu walimhamishia katika jamii nyingine, na leo wanakubaliana kwamba hatukutoka katika tumbo lake. Kwa lugha ya ukoo, huyo ni ami wa mbali aliyekufa bila kuacha mjukuu. Tukiwa na neno 'ami', hatuna sababu ya kumwita kila mzee babu.

Kuna neno la nne ambalo halimo katika sentensi yetu lakini huifuata kama kivuli: 'maendeleo'. Tunadhani mageuko ni ngazi, kila kidato bora kuliko kilichotangulia, na sisi tumesimama juu kabisa tukitazama chini. Mawe ya Olorgesailie yanaikanusha picha hiyo pia. Mashoka ya mkono yalitengenezwa pale kuanzia miaka milioni 1.2 hadi karibu 500,000 iliyopita, na umbo lake halikubadilika sana. Hebu lifikirie hilo. Miaka 700,000 mzazi anamwonyesha mtoto jiwe lilelile na pigo lilelile. Lilitosha kumchunia tembo. Ipo sehemu pale ambapo mabaki ya tembo wa kale yalipatikana yamezungukwa na vipande vya mawe vilivyotumiwa kumkata nyama, takriban miaka 990,000 iliyopita. Kitu kinachofanya kazi hakihitaji kuendelezwa.

Kisha hali ikabadilika. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba, katika tabaka za miaka kati ya 320,000 na 305,000 iliyopita, mashoka makubwa hayapo tena. Badala yake kuna zana ndogo, kali, zilizochongwa kwa mpango, baadhi zikiwa na umbo la kufungwa kwenye mpini. Nyingi zilitengenezwa kwa obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano ambacho mfano wake wauona karibu na Naivasha. Jiwe hilo halipatikani pale Olorgesailie. Lilibebwa kutoka umbali wa kilomita 25 hadi 95, kupita milima na mabonde. Watengenezaji wa mashoka ya zamani waliridhika, kwa sehemu kubwa, na mawe ya kilomita chache tu kutoka ziwani. Zaidi ya hayo, yalipatikana madongo ya rangi nyekundu na nyeusi, baadhi yakiwa na alama za kukwaruzwa. Rangi haichinji, haichimbi, wala hailiwi. Mtu hujipaka ili mwingine amwone na amtambue.

Ni nini kiliwasukuma? Mwaka 2012 kundi hilo la watafiti lilichimba shimo jembamba katika bonde jirani la Koora na kutoa mche wa udongo wenye urefu wa mita 139, kumbukumbu ya miaka milioni moja. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020 unaonyesha kwamba kuanzia miaka 400,000 hivi iliyopita nchi ilipasukapasuka kwa mitetemeko, ziwa kubwa likagawanyika, na mvua ikawa haitabiriki. Malisho yalinawiri na kukauka mara kwa mara. Wanyama wengi wakubwa walao nyasi, akiwamo yule tembo wa kale na yule nyani mkubwa, walitoweka, nafasi zao zikachukuliwa na jamaa zao wadogo wasiohitaji mengi. Wenye kushikilia chakula kimoja na makao mamoja waliondoka. Waliobaki ni wenye kubadili mwendo.

Mmaasai hahitaji kufafanuliwa hilo. Katika nchi ambayo mvua yaweza kunyesha Kajiado ya Kati na kuipita Magadi, mali ya mtu si ng'ombe walio bomani mwake tu, bali pia watu walio mbali. Wamaasai wana neno 'osotua', ambalo maana yake ya asili ni kitovu, na hutumiwa kutaja uhusiano wa watu wawili ambao mmoja akipungukiwa humwomba mwenzake, na mwenzake hutoa anachoweza bila kuhesabu deni. Sisemi kwamba watu wa miaka 300,000 iliyopita walikuwa na osotua. Nasema kwamba obsidiani iliyosafiri kilomita 95 na rangi iliyopakwa ili mtu atambulike zinawafanya wataalamu wafikirie jambo la namna hiyo: makundi yaliyojuana kwa mbali, yakabadilishana vitu, na huenda habari pia, ili mwaka mbaya wa hapa usiwe mwisho wao. Mkazi wa Kitengela anayemtumia mamaye pesa kijijini kwa simu, akatumiwa gunia la mahindi kwa basi, anakijua kiini chake.

Mifupa ya waliochonga zana hizo ndogo haijapatikana Olorgesailie. Lakini ni wakati huohuo, miaka 300,000 hivi iliyopita, ambapo watu wenye nyuso zinazokaribia zetu waliishi Jebel Irhoud nchini Morocco. Kwa hiyo Kajiado ni sehemu ya hadithi ya mwanzo wa watu wote waliopo duniani, wa Kitengela na wa London, wa Muscat na wa Chicago.

Sasa kwa nini nimejitaabisha na maneno matatu? Kwa sababu sentensi ile ina gharama. 'Nyani' ni tusi. Watu weusi wametukanwa kwa jina hilo tangu enzi za utumwa, na hata leo mchezaji wa asili ya Afrika anaweza kuzomewa kwa milio ya nyani katika viwanja vya Ulaya. Mtoto wa Kiafrika akiambiwa kwamba mifupa ya wahenga wake imechimbuliwa kwao, na kwamba wahenga hao walikuwa nyani, anasikia tusi lilelile likirudi limevaa koti la maabara. Wakati makavazi ya Nairobi yalipokuwa yakikarabatiwa, mwaka 2006, baadhi ya viongozi wa makanisa walipinga hadharani mifupa ya yule kijana wa Turkana kuonyeshwa kama ushahidi wa mageuko. Sikubaliani nao kuhusu mifupa, lakini najua uchungu wa mtu anayehisi kwamba anaambiwa si mtu kamili.

Tena sentensi yenyewe ilivuma zaidi kwa vinywa vya waliomkejeli Charles Darwin. Magazeti ya vibonzo ya Uingereza yalimchora kichwa chake kikiwa juu ya kiwiliwili cha sokwe, na kejeli ikapendeza kuliko hoja. Darwin mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1871 kuhusu asili ya binadamu, alikisia kwamba wahenga wa watu wote huenda waliishi Afrika. Watu wa zama zake hawakulipenda hilo. Ikachukua karibu karne nzima ya kuchimba Afrika Kusini, Olduvai, Turkana na Olorgesailie kabla dunia haijakubali. Tunapoirudia kejeli ile kwa Kiswahili, tukidhani ndiyo sayansi, tunaitupa heshima ambayo mawe yetu wenyewe yametupatia.

Pendekezo langu kwa walimu, watangazaji na waandishi wa vitabu vya shule ni hili. Tumwache nyani awe nyani. Tunapomtaja binamu yetu wa karibu, tuseme 'sokwe'. Tunapomtaja kiumbe wa kale wa ukoo wetu, tuseme 'zamadamu'. Tunapotumia 'kugeuka', kiima kiwe kundi, ukoo au kizazi, wala kisiwe mnyama mmoja. Na kwa yule mzazi wa kale tuliyechangia na sokwe, lugha yetu inalo neno lenye adabu tele: 'mhenga'. Basi sentensi yetu iwe hivi: "Binadamu na sokwe wana mhenga mmoja wa kale." Anayetaka kuibisha bado ana haki ya kuibisha, lakini sasa atakuwa anabishana na kile ambacho sayansi imesema kweli.

Na kwa wanaofundisha Kitengela, Isinya, Ngong na Rongai: kabla ya kupanga safari ya kuwapeleka watoto Mombasa kuona bahari, waulizeni ni wangapi wamewahi kufika Olorgesailie. Wabebe maji ya kutosha na kofia, waondoke alfajiri kabla jua halijakolea. Kile kijia cha mbao kinasomesha kuliko sura nzima ya kitabu, na yule atakayeuliza swali la babu na kitoweo asinyamazishwe.